Boriti ya Darasa la Kwanza

Kama kuna mtu ambaye usingemdhania kunyamaza, basi ni Mwalimu Dafroza. Wauza samaki wa Mugango walimjua. Akisimama mbele ya sato aliyelala tangu jana, anamwambia mwenye meza kuwa samaki wake kalala, tena kwa sauti inayofika meza za mbali. Kanisani aliwahi kumsahihisha katekista katikati ya wimbo, na katekista akarudia ubeti. Mumewe Thadeo, mvuvi mpole mwenye mtumbwi mmoja na nyavu zilizoshonwashonwa, aliwaambia rafiki zake kwamba yeye alioa redio, ila ya kwake haili betri. Miaka ile betri zilikuwa hazionekani, kwa hiyo wenzake walimwona ana bahati.

Alizaliwa huko huko Mugango, kwenye nyumba yenye wasichana wengi ambako asiyeongea hakupata kitoweo. Alipomaliza shule alitaka kuwa mtawa, akakaa na wazo hilo mpaka alipoambiwa kuwa watawa wana saa za kukaa kimya. Ndipo serikali ikatafuta walimu kwa haraka ili kila mtoto nchini asome, na Dafroza akajikuta na chaki mkononi, mbele ya Darasa la Kwanza, akiwa hajui kama anafundisha au anachunga. Alilipenda darasa hilo tangu siku ya kwanza. Hakutaka kubadilishiwa hata alipoombwa.

Sasa mchukue Dafroza huyo huyo, mketishe kwenye kikao cha walimu cha mwisho wa mwezi, halafu subiri Mwalimu Mkuu afike kwenye ajenda ya mwisho, ile ya mengineyo. "Kuna mwenye mengineyo?" Utamwona Dafroza anakagua kucha zake, moja moja, kwa makini kabisa. Kushoto kwake Mwalimu Kasmiri wa Darasa la Sita anatafuta mfukoni kitu ambacho hakijawahi kuwemo. Kulia kwake Mwalimu Marieta anatazama dirishani, ziwani, ambako hakuna jipya. "Basi, kama hakuna mengineyo, tunafunga kikao," anasema Mwalimu Mkuu, na uso wake unaonyesha fahari ya kuongoza watu wasio na shida.

Na shida ilikuwepo, tena juu ya kichwa cha Dafroza mwenyewe. Shule ile ilijengwa na wanakijiji ufukweni, ukiipita Mugango kuelekea Murangi, na chumba cha Darasa la Kwanza kilikuwa cha zamani kuliko vyote: kuta za matofali ya udongo, paa la nyasi. Boriti yake kubwa, ule mti unaokatiza chumba na kubeba paa zima, ilikuwa imeliwa na mchwa kwa muda mrefu. Masika ya mwaka themanini na tatu ikapasuka katikati, kwa mlio ambao watoto walidhani ni bunduki. Thadeo alikuja Jumamosi na nguzo ya mkaratusi, akaisimamisha chini ya ule ufa, akaigongea kabari. Akarudi nyuma, akatazama juu.

"Kiangazi itashika," alimwambia mkewe. "Ila mvua kubwa ikija, hizi nyasi zikilowana, humo usikae."

Watoto waliizoea nguzo ile. Waliipa jina la Monita, kwa kuwa ilisimama kutwa bila kuchoka, na aliyepiga kelele aliambiwa akakae karibu na Monita. Dafroza aliwakataza kuiegemea. Alifundisha kuhesabu sikio moja likiwa kwa watoto na jingine likiwa juu, na vumbi la mchwa likimshukia kwenye nywele alijikung'uta akaendelea. Mvua zikianza, aliwatoa nje akawabananisha kwenye kibaraza cha ofisi, akasema wanajifunza habari za mawingu. Aliogopa. Kila siku ya mawingu aliogopa, na pale shuleni hakumwambia mtu.

Si kwamba wenzake hawakujua. Walijua wote, na Mwalimu Mkuu alijua kuwazidi, maana ofisi yake ilitazamana na chumba kile. Ukiuliza kwa nini hakuna aliyefungua mdomo, jibu linategemea unauliza mwaka gani.

Mwanzoni ilikuwa sukari. Waliokuwa wamepata akili miaka ile wanakumbuka: maduka ya Musoma mjini yalikuwa na rafu, wauzaji na vumbi, basi. Watu walifulia majani ya mpapai. Mwalimu Mkuu Stanislausi, mtu mnene mwenye kaunda suti mbili na kicheko cha kuambukiza, alikuwa na jamaa yake kwenye duka la ushirika, na kila mwisho wa mwezi aliwaletea walimu mgao: sukari kidogo, kipande cha sabuni, siku nyingine mafuta ya taa. Hakuna aliyemlazimisha. Alifanya kwa moyo mzuri, ila moyo ule ulikuwa na akili. Mfuko ulikaa chini ya meza tangu kikao kinaanza, na haukufunguliwa mpaka mengineyo yapite. Alipouliza kama kuna mwenye mengineyo, mguu wake ulikuwa unausukuma mfuko taratibu, ukasikika ukikwaruza sakafu. Nani angeanza habari za boriti wakati huo? Dafroza alikuwa na watoto nyumbani wanaokunywa uji wa chumvi. Alikagua kucha.

Halafu mambo yakalegezwa. Biashara zikaruhusiwa, watu wakaanza kuleta vitu kutoka Sirari mpakani, mitumba ikaanikwa Bunda kandokando ya barabara, na sukari ikajaa madukani ilimradi una fedha. Mfuko wa chini ya meza ukakosa kazi. Dafroza alimwambia Thadeo, "Mwezi huu utasikia. Sasa kila mtu atasema ya kwake." Mwezi ukaisha, kikao kikaitishwa, mengineyo yakafika, na walimu wakatazama kule kule walikozoea kutazama. Dafroza mwenyewe alishangaa kukuta vidole vyake viko mbele ya macho.

Sababu haikuwa mbali. Vitu vilikuwepo, lakini mshahara wa mwalimu ulikuwa ule ule, na kila mtu alikuwa amejitafutia pa kushika. Kasmiri alinunua dagaa kwa wavuvi alfajiri akawaanika juani, kwa hiyo kipindi cha kwanza cha Darasa la Sita kilisubiri dagaa wageuzwe. Marieta alikaanga maandazi nyuma ya ofisi, na mapumziko yalirefuka kulingana na maandazi yaliyobaki. Dafroza, tusimsafishe, alipeleka samaki wakavu Bunda kila Ijumaa, na Ijumaa Darasa la Kwanza lilikuwa na michezo asubuhi nzima chini ya usimamizi wa yeyote aliyepita karibu. Stanislausi aliona yote. Alipita kwenye karai la Marieta, akachukua andazi, akatabasamu, akaenda zake. Mtu huyo ungeanzaje kumwambia kwamba paa lake ni bovu?

Na aliyewaza kujaribu alikumbuka sifa. Stanislausi hakumgombeza mwalimu hata siku moja, alimsifu. Alisimama kikaoni, akasema, "Mwalimu fulani ni hodari sana. Watu hodari namna hii wanahitajika kule porini, kwenye shule changa." Wa mwisho kusifiwa hivyo alikuwa mwalimu mmoja mgeni aliyeuliza habari za nyumba za walimu. Kabla ya mavuno alikuwa kahamishiwa mbali, upande wa mbugani, na salamu zake zilisema kwamba huko fisi hupita uwanjani wakati wa mstari wa asubuhi. Tangu hapo walimu walijitahidi sana wasionekane hodari. Dafroza alikuwa na mume wa ziwani, ng'ombe wa maziwa na mama mkwe asiyeona vizuri. Thadeo akipelekwa porini angevua nini?

Mambo yakaenda hivyo mpaka mwaka themanini na sita, kiangazi, iliposikika kwamba mkaguzi anakuja.

Ukaguzi ulikuwa na desturi yake. Vitabu na masomo vilikuwemo, lakini shule ilipimwa kwa samaki. Mgeni akila akashiba, shule imefaulu. Akila samaki mwenye miba mingi, walimu hawajajiandaa. Kwa hiyo kabla ya yote alitafutwa mwalimu mwenye mkono mzuri wa mapishi, na mkono huo alikuwa nao Dafroza. Chumba cha Darasa la Kwanza kikapakwa chokaa, maana mkaguzi huanza kwa wadogo. Stanislausi alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, akazungusha macho kwenye kuta nyeupe akaridhika. Kisha macho yakatua kwenye Monita.

"Hii kitu inaharibu chumba," alisema. "Kesho asubuhi itolewe. Mgeni akiondoka mtairudisha."

"Mwalimu Mkuu," alisema Dafroza, "hii nguzo ndo inashikaga paa."

"Paa limekaa miaka yote, litashindwa siku moja?" Stanislausi akamgeukia kwa upole. "Mwalimu Dafroza, wewe ni mwalimu hodari sana."

Dafroza akakagua kucha.

"Halafu kuna suala la chakula," aliendelea Stanislausi. "Sebule yangu imejaa pamba, hawajaja kuichukua. Ofisi ni ndogo. Mtafutie mgeni chumba kizuri kuliko vyote, chenye hadhi. Hilo nakuachia wewe."

Dafroza alirudi nyumbani na hasira iliyomfanya apite mlango wake mwenyewe akashtukia yuko kwa jirani. Jioni alikaa uani na beseni la samaki, akapara magamba bila kusema neno, na Thadeo aliyezoea redio yake akaanza kupata wasiwasi. Baadaye akamsikia anacheka peke yake.

"Kuna nini?" Thadeo aliuliza.

"Kesho kukoje? Kutanyesha?"

"Mvua itoke wapi? Mpaka vuli."

"Basi vizuri," alisema Dafroza, akaendelea kupara samaki ambaye alikuwa keshampara.

Asubuhi nguzo ikang'olewa, ikalazwa nyuma ya choo. Dafroza hakumwingiza mtoto hata mmoja chumbani. Aliwapanga uwanjani wamwimbie mgeni, wakaimba, kisha akawapeleka ufukweni na Mwalimu Marieta wakahesabu kokoto. Mkaguzi alikuwa Mzee Leodgar, mtu mwembamba mwenye miwani, aliyetoka Musoma kwa pikipiki bila kunywa chai. Alichungulia Darasa la Kwanza akiwa mlangoni, akaona weupe, akasema ni safi, akaenda kwenye madarasa mengine. Mchana ulipofika Stanislausi alimwongoza mgeni wake kufuata harufu ya samaki, na harufu ikawafikisha Darasa la Kwanza.

Meza ilikuwa katikati ya chumba, juu yake kitambaa cheupe chenye maua ya kudarizi. Sato wa kuchemsha walikuwa wamelala kwenye nyanya, na ugali wa udaga, ule wa muhogo uliovundikwa, ulikuwa unatoa mvuke. Viti viwili vya heshima vilikuwa vimewekwa pale pale Monita aliposimama. Juu yake ilikuwepo boriti, na ule ufa wake sasa ulikuwa wazi kwa mwenye kutazama.

"Mwalimu Dafroza," Stanislausi alisema taratibu sana, "mbona humu?"

"Si ulisema chumba kizuri kuliko vyote, Mwalimu Mkuu? Chenye hadhi?"

Mkaguzi alizitazama kuta, akasema kwa kweli mama hakukosea, akavuta kiti akaketi. Mwenyeji hawezi kumwinua mgeni aliyekwisha keti mbele ya chakula. Stanislausi naye akaketi, tako moja kitini na jingine limeelekea mlangoni. Kasmiri na Marieta, aliyekuwa amewaacha watoto kwa Darasa la Saba, walichagua benchi la karibu na kizingiti. Dafroza alisimama nyuma ya mgeni na birika la kunawisha, chini ya boriti ile ile, kwa sababu hakutaka iwe mzaha wa kuwafanyia watu wengine tu.

Stanislausi alijulikana kwa sala fupi za chakula. Ulipofumba macho alikuwa amefika amina. Siku ile alikiombea chakula, akamwombea mgeni na pikipiki yake, akaiombea mikono iliyopika, akawaombea wote waliomo ndani na hasa waliokaa katikati, akamsihi Mungu akizuie kila kilicho juu kisishuke kabla ya wakati wake. Mkaguzi alifungua jicho moja kuona kama samaki anapoa.

Wakaanza kula, yaani mkaguzi alianza. Stanislausi alimega tonge akalishika. Upepo wa ziwa ulipoingia dirishani, kitu kikalia juu, kidogo tu, na vumbi la manjano likashuka likatua juu ya ugali. Stanislausi akasimama, akakaa, akasema anarekebisha kiti.

"Mwalimu Mkuu, wewe huli," mkaguzi alisema. "Huyu samaki ana nini?"

"Samaki hana neno, ndugu mkaguzi."

"Sasa unatazama nini huko juu?"

Stanislausi akawageukia walimu wake, mmoja mmoja, wamsaidie. Angetosha hata mmoja wa kusema kuna joto humu, tutoke nje. Kasmiri alikuwa anatafuta kitu mfukoni. Marieta alikuwa anatazama ziwani. Dafroza alihamishia birika mkono wa kushoto ili apate kukagua kucha za mkono wa kulia. Walikuwa wamefundishwa kazi hiyo kwa miaka, na siku ile waliifanya vizuri kuliko siku zote.

Vumbi likashuka tena, safari hii kwenye bakuli la mgeni, na ndani yake mchwa mzima akaanza kuogelea. Mzee Leodgar alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama juu. Hakuna aliyemwona akisimama. Walimwona yuko uani na sahani mkononi, na Stanislausi, pamoja na unene wake, alikuwa amemtangulia.

Mkaguzi alimalizia samaki wake akiwa amesimama, maana alikuwa na njaa kweli. Dafroza akamnawisha. Kisha mkaguzi akauliza kwa sauti ndogo, "Ule mti ulipasuka lini?"

"Masika ya themanini na tatu," alisema Stanislausi.

"Na mimi mwaka jana nilipitaga hapa. Nikaenda kusema kule ofisini kwamba madarasa yote ni mazima." Alitafuta mwiba kwenye meno kwa muda. "Sasa nikisema leo ni mabovu, wataniuliza mwaka jana nilikuwa natazama nini. Rudisheni kile mlichokuwa mmekiegemeza, nimeona alama yake chini. Hili jambo tuliache hapa hapa."

Stanislausi alishusha pumzi. Hata Kasmiri alishusha. Kidogo tena wangecheka pamoja na mambo yakaisha, na Dafroza alisimama hapo na birika lake akaona mchezo wake wote ukiliwa na kumalizwa pamoja na samaki. Alikuwa ameamini kwamba huko juu, kwa wakubwa, kuna mtu ambaye hajui tu, na kwamba akionyeshwa atasema. Alijiona mjinga. Hasira ikampanda, na nyuma ya hasira akakuta kwamba ile hofu aliyotembea nayo siku zote haipo. Akaweka birika chini.

"Mimi watoto wangu siwaingizi tena humu," alisema, na hiyo ilikuwa sauti yake ya sokoni. "Nguzo irudi, isirudi. Kesho wanakaa ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Kama ni porini, niandikieni leo nikafunge mizigo, hao fisi nitawauzia samaki."

"Hakuna aliyesema utahamishwa, Mwalimu Dafroza," alisema Stanislausi.

"Hapa hakunaga anayesema kitu, Mwalimu Mkuu. Mimi mwenyewe nimekula sukari yako nikanyamaza. Nimeenda Bunda Ijumaa nikanyamaza. Na wale watoto kila asubuhi wanakaa chini ya mti umeoza, wananiambia shikamoo mwalimu, na mimi naitika." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga, mbele ya mkaguzi, bila kujali.

Kuku wa Stanislausi wakajisikia huru kuingia Darasa la Kwanza na kupanda mezani.

"Na mimi nilikuwa najua," Marieta alisema.

"Wote tulikuwa tunajua," alisema Kasmiri, akatoa mkono mfukoni. "Wasipoenea ofisini, waje kwangu. La Sita watabanana."

Mzee Leodgar alipokea samaki wake wa njiani, waliofungwa kwenye majani kama desturi ilivyotaka, akawasha pikipiki akaondoka bila kusema shule imefaulu au imefeli. Kesho yake Darasa la Kwanza liliingia ofisini. Stanislausi alisogeza meza yake kibarazani, ambako mbuzi walimzoea upesi, na hakumsifu mtu yeyote mwezi ule wala uliofuata. Dafroza alikaa akisubiri uhamisho kila gari lilipopita. Usiku hakulala vizuri, akaacha kwenda Bunda, na Thadeo akawa anamsikia anaamka kuhesabu vyombo.

Mvua za vuli zilianza kwa kishindo. Zilinyesha Jumapili, zikanyesha Jumatatu, na Jumanne asubuhi, saa ya kuhesabu, watoto wakiwa wameminyana ofisini wanaitikia namba, ulisikika mlio kama ule wa zamani, kisha mwingine mkubwa zaidi, na paa lote la Darasa la Kwanza likakaa chini. Ukuta mmoja uliegemea, ukafikiri, ukafuata. Walimu walitoka kila mlango.

Dafroza hakukimbilia kule. Alisimama kwenye kizingiti cha ofisi akawahesabu watoto wake kwa kuwagusa vichwa, akawahesabu tena kuanzia nyuma, akamkuta mmoja chini ya dawati anakula andazi la Marieta. Walikuwepo wote. Alitaka kucheka akashindwa, akamvuta huyo wa andazi akamkumbatia hadi andazi likavunjika.

Stanislausi alikuja kwenye mvua, kaunda suti imemgandamia mwilini, akasimama karibu naye. Walitazama pamoja kule vumbi lilikokuwa linazimwa na maji. Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Dafroza alijua maneno anayoyatafuta, na kwa mdomo wake ule angeweza kumtajia yote. Hakumsaidia.